Spika mwenye kadi ya chama mfukoni, anaweza kweli kuwa wa wote?

mtu_wa_kati
Wakuu habari zenu. Nina hoja, mnipinge kwa hoja. Mimi naona kelele zote tunazopiga kwamba Spika anapendelea ni kelele za bure, kwa sababu tunamdai kitu ambacho hatujampa nafasi ya kukitoa. Mtu amepitishwa na vikao vya chama, akapigiwa kura na wabunge wa chama, kadi anayo, kesho chama kikimchoka kinamkata, halafu akishakalia kile kiti tunataka asahau yote hayo?? Uingereza Spika akichaguliwa anaachana na chama chake, hahudhurii vikao vyao tena, uchaguzi mkuu ukifika vyama vikubwa kwa kawaida havimsimamishii mpinzani, jimboni kwake anagombea kama Spika anayeomba kurudi basi. Nasema bila kurudisha kadi hakuna Spika wa wote. Karibuni.

Mbishi Halali
Nimekaa siti ya mbele kabisa. Naona leo wanasheria watatoka mafichoni.

Mzee wa Kanuni
Mtoa mada salaam. Hoja yako nzuri lakini umeirahisisha mno. Huyo Spika wa Uingereza asiye na kadi analalamikiwa vilevile. John Bercow alitoka Conservative, akakaa kwenye kiti miaka kumi, na waliomchukia kuliko wote ni haohao Conservative. Wakati wa sakata la Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, mwaka 2019 aliizuia serikali kurudisha bungeni hoja ileile iliyokwishakataliwa, akachimbua utaratibu wa tangu 1604, upande wa serikali wakasema huyu ameshachagua upande. Kustaafu tu, 2021 akajiunga na Labour. Sasa wale waliosema anapendelea wakapata la kusema, tuliwaambia!

Na aliyemfuata, Lindsay Hoyle, huyu alitoka Labour. Februari 2024 ilikuwa siku ya SNP, chama cha Uskoti, kuleta hoja yao kuhusu vita vya Gaza, yeye akaruhusu na marekebisho ya Labour yaingie kinyume na desturi, akapuuza ushauri wa karani wake. SNP na Conservative wakatoka nje, jioni akaomba radhi ndani ya ukumbi, wabunge zaidi ya 60 wakasaini kwamba hawana imani naye. Hana kadi huyo. Kadi siyo dawa.

mtu_wa_kati
@Mzee wa Kanuni nimekupata mzee wangu, lakini hujaona kwamba wote wawili walilalamikiwa na pande tofauti kwa nyakati tofauti? Hoyle aliomba radhi. Bercow aliibana serikali iliyoundwa na chama alichotoka. Nitajie Spika mwenye kadi aliyeibana serikali ya chama chake halafu akarudi kwenye kiti muhula unaofuata. Nasubiri.

Sauti ya Nyuma
Anasubiri 😂😂 Utasubiri sana mkuu, leta godoro kabisa.

binti_sheria
Naomba niweke vifungu mezani maana naona mnaongelea kadi kama vile ni suala la heshima tu, kwa Tanzania ni suala la ajira. Angalieni Katiba. Ibara ya 84 inasema Spika anachaguliwa na wabunge kutoka miongoni mwao au kutoka kwa watu wenye sifa za kuwa wabunge. Mtu akisoma hapo anasema ahaa, kumbe anaweza kutoka nje. Sawa, sasa nenda ibara ya 67 usome sifa za kuwa mbunge, moja ni lazima uwe mwanachama wa chama cha siasa na uwe umependekezwa na chama. Hata huyo wa kutoka nje ya Bunge lazima awe na kadi. Mtoa mada anataka Spika arudishe kadi, akiirudisha anakuwa amepoteza sifa yenyewe iliyomweka pale.

Halafu ibara ya 71, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake ubunge umekwisha. Na 84 inasema Spika aliyetoka miongoni mwa wabunge akikoma kuwa mbunge na uspika unaondoka, isipokuwa Bunge likivunjwa. Unganisha hizo mbili. Kumwondoa Spika kwa azimio la Bunge kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, hiyo ni kazi kubwa kweli. Lakini chama kikimvua uanachama tu, hahitajiki hata mbunge mmoja kunyoosha mkono. Sasa nani ana nguvu juu yake, Bunge au kikao cha chama?

Mbishi Halali
Dada hapo umemaliza. Mods fungeni uzi.

KE_Mtaani
Msifunge bado. Niaje wadau, jirani hapa. Sisi Kenya hiyo shida ya @binti_sheria tulifikiri tumeimaliza na Katiba ya 2010. Ibara ya 106, Spika anachaguliwa kutoka kwa watu waliohitimu kuwa wabunge lakini si wabunge. Ukiwa mbunge na unautaka uspika unaachia kiti, Wetang'ula aliachia useneta wa Bungoma 2022 ndio akaingia. Hana kura, ibara ya 122, na kura zikifungana hoja imeanguka, hakuna cha Spika kuamua. Kwa karatasi tuko sawa kabisa.

Sasa kilichofanyika. Oktoba 2022 akatoa uamuzi kwamba Kenya Kwanza, muungano wa Rais Ruto, ndio upande wa wengi bungeni, Azimio, muungano wa Raila, wakasema lakini wananchi walitupa sisi wengi kwa kura. Kesi ikaenda Mahakama Kuu, Februari 2025 majaji watatu wakaufuta huo uamuzi, na wakagusia kitu kingine cha maana zaidi kwa huu uzi, kwamba mtu hawezi kuwa Spika na papo hapo awe kiongozi wa chama, maana alikuwa bado ndiye kinara wa Ford Kenya. Mnaona? Siyo mbunge, hana kura, lakini chama anacho tena anakiongoza. Na siku chache tu baada ya hukumu akakaa kwenye kiti akasoma uamuzi mwingine, Kenya Kwanza bado ndio wengi.

Kwa hivyo mtoa mada mimi naungana na wewe nusu. Kumtoa ubunge bila kumtoa chama ni kazi bure.

Sauti ya Nyuma
Jirani umekuja kujisifu ukaishia kulia, karibu sana kwenye familia.

KE_Mtaani
😂😂 wewe wacha. Angalau sisi tuna hukumu ya kuonyesha.

Tipwatipwa
Mnazunguka sana. Spika ni refa. Refa anaweza kuwa shabiki wa timu lakini akishika filimbi anachezesha kwa sheria 17 mwisho wa mchezo anaenda nyumbani. Shida ni maadili ya mtu.

Mzee wa Kanuni
@Tipwatipwa refa gani anayechaguliwa kwa kura za wachezaji, tena timu yenye wachezaji wengi ndiyo inayoamua nani apulize? Tuache mpira.

Tipwatipwa
Basi nimeacha mpira. Lakini la maadili ya mtu sijaliacha.

Nyuki Dume
Tipwa ana hoja msimkimbize. Mnasahau marehemu Samuel Sitta, spika wa viwango na kasi? Kadi alikuwa nayo, CCM ilikuwa na wabunge wa kumwaga, na bado sakata la Richmond, ule mkataba tata wa umeme, lilifika bungeni, ikaundwa kamati teule chini ya Mwakyembe, ripoti ikasomwa mle ndani waziwazi na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Lowassa akatangaza kujiuzulu. Katiba ilikuwa ni hiihii anayoisoma binti_sheria, ibara ni zilezile 67, 71, 84. Kilichobadilika ni mtu aliyekaa. Kwa hiyo msiniambie ni mfumo mfumo mfumo.

Nakumbuka siku ile tulikuwa kazini, hakuna aliyefanya kazi, redio moja ndogo imewekwa dirishani ili ishike vizuri na watu wazima wamenyamaza kama wanasikiliza msiba. Hiyo ndiyo nguvu ya Spika akiamua.

Mbishi Halali
Na 2010 akapoteza kura za uspika. Swali la mtoa mada likajibiwa.

Nyuki Dume
Hakupoteza kura, rekebisha. Hakufika kwenye kura. Chama kiliamua safari hii wagombea wawe wanawake watupu, majina matatu yakaenda kwa wabunge wa chama, akapita Anne Makinda akawa mwanamke wa kwanza kuwa Spika. Sitta hakuwepo kwenye orodha kabisa.

Mbishi Halali
Ndio nilichosema kwa maneno mafupi 😎

binti_sheria
@Nyuki Dume kaka, mfano wako ni mtamu lakini unanisaidia mimi. Mtu mmoja jasiri, muhula mmoja, akaondoka kwa njia isiyohitaji azimio wala theluthi mbili. Wanaokuja nyuma yake wanajifunza nini?

Nyuki Dume
Wanajifunza kwamba inawezekana. Wewe unaona alivyoondoka, mimi naona alichofanya kabla hajaondoka.

Mlinzi wa Zamu
Nimesoma post zote, mbona hakuna aliyewaza kwamba labda tunadai kitu kisicho cha lazima? Marekani Spika wa Baraza la Wawakilishi ni kiongozi wa chama chenye wengi, hajifichi, anapanga ni muswada upi uje na upi usije, ana kura yake kama mbunge mwingine. Hakuna anayemlilia kwamba anapendelea, kazi yake ni kupendelea! Na wanamwajibisha wenyewe. Kevin McCarthy Januari 2023 walimzungusha raundi 15 ndipo akapata, Oktoba mwaka huohuo kura 216 kwa 210 wakamtoa, na waliomtoa wamo wa chama chake. Afadhali mnafiki au anayesema waziwazi mimi ni wa upande huu?

mtu_wa_kati
Mlinzi hapo umechanganya kazi mbili kwenye cheo chenye jina moja. Yule wa Marekani mara nyingi hata hakalii kiti, anateua mwingine amkalie na yeye anaendelea na siasa. Huku kwetu mtu huyohuyo ndiye anayekupa nafasi ya kusema, anayekuzimia maiki, anayekutoa nje, anayekupeleka kamati ya maadili. Ukimruhusu awe wa chama waziwazi na mamlaka yote hayo anabaki nayo, mpinzani atasema lini?

Fundi Redio
Samahani kidogo, maiki hazimi Spika, kuna kijana kwenye chumba chenye vioo ndiye anayebonyeza. Msimwonee bure mheshimiwa.

Sauti ya Nyuma
Kijana anabonyeza akiangaliwa na nani?

Fundi Redio
😂😂😂 sina la ziada

Karani Mstaafu
Wanangu shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimesoma mjadala mpaka hapa nikaona niseme kidogo, mimi sikuwahi kuwa bungeni ila nilikuwa karani wa vikao vya baraza la madiwani kwa muda mrefu, nimekaa kushoto kwa wenyeviti wa aina zote.

Ninyi mnatafuta upendeleo kwenye maamuzi makubwa, yale yanayotoka kwenye magazeti. Upendeleo uko kwenye karatasi. Karani anaandika majina ya wanaotaka kuchangia kwa jinsi walivyoomba, karatasi anapewa mwenyekiti. Basi. Mwenyekiti ana penseli yake. Jina la kwanza anaanza nalo vizuri, la pili analiruka, anarudi chini, anapandisha la tisa juu. Yule mkali aliyejiandaa na takwimu anaitwa saa ile watu wameshachoka, zimebaki dakika nne, anaambiwa mheshimiwa dakika mbili tafadhali mtoa hoja ajibu. Ukisoma muhtasari wa kikao utaona wote waliomba na wote walisema. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Nilikuwa na mwenyekiti mmoja mpole sana, hajawahi kumfokea mtu wala kumtoa nje, na katika wote niliofanya nao kazi ndiye aliyekuwa hodari wa penseli.

Na nilikuwa na mwingine mkali, mdomo mchafu, anafokea kila mtu hata wa chama chake, lakini karatasi alikuwa anaifuata kama ilivyo. Wapinzani walimlaumu huyu mkali. Yule mpole walimpa zawadi alipostaafu.

Mbishi Halali
Mzee Karani marahaba hiyo nimeitikia mimi. Hii post iwekwe juu kabisa.

KE_Mtaani
Mzee heshima sana. Hii ya penseli nimeiona hata kwa bodi ya shule ya watoto wangu, sikujua ina wenyewe.

mtu_wa_kati
Shikamoo mzee. Umenipa kitu cha kufikiria, maana kama ni hivyo basi hata wa kwetu akirudisha kadi penseli anabaki nayo.

Karani Mstaafu
Marahaba. Anabaki nayo.

Mzee wa Kanuni
Nimfuate mzee mwenzangu. Ipo na ile ya kura za sauti. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyooo. "Wasioafiki waseme siyo." Siyooo. "Nafikiri walioafiki wameshinda." Neno ni NAFIKIRI. Hajahesabu, amesikiliza. Kanuni zinawapa wabunge njia ya kudai zihesabiwe na bajeti yenyewe wanaitwa jina kwa jina, lakini mambo mengi yanapita kwa masikio ya mtu mmoja.

Sauti ya Nyuma
Upande wa wachache inabidi waajiri wenye mapafu.

Mzee wa Kanuni
Na hata wakihesabu wanakosea! Julai 1993 Uingereza, mjadala wa mkataba wa Maastricht wa Umoja wa Ulaya, kura zikatangazwa 317 kwa 317. Spika Betty Boothroyd akapiga kura yake ya uamuzi kukataa marekebisho ya Labour. Baadaye ikagundulika hesabu ilikosewa, hazikufungana kabisa. Na huyu mama alitoka Labour, na akapiga kinyume na Labour, kwa sababu wana kanuni yao ya tangu karne ya 19 ya Spika Denison, kwamba kura ya Spika haileti mabadiliko ambayo Bunge lenyewe halijayapatia wengi, inaacha mambo kama yalivyo au inaacha mjadala uendelee. Bercow naye 2019 zilipofungana 310 kwa 310 alifanya hivyohivyo.

binti_sheria
Asante mzee, hapo nilitaka pafike. Tanzania ibara ya 94, Spika hana kura ya kawaida ila ana kura ya uamuzi zikifungana, na Katiba haimwambii aitumieje. Kenya wamemnyima kabisa. Ghana pia wamemnyima, hana ya kawaida wala ya uamuzi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kadi na bado kura yake ikafungwa na desturi, au akakosa kadi na kura ikabaki huru. Ni maswali mawili tofauti.

Mlinzi wa Zamu
Dada kura ya uamuzi inahitajika lini kwenye bunge ambalo chama kimoja kina zaidi ya asilimia 80? Hilo ni swali la mtihani tu. Huko Uingereza mnakokusifia zinafungana kwa sababu pande zinakaribiana. Mimi nabadilisha hoja yangu, Spika anakuwa wa haki pale ambapo hana uhakika nani atashinda kesho. Akijua kesho ni haohao, kwa nini ahangaike na wachache?

Nyuki Dume
2008 CCM ilikuwa na wengi wa kutisha na Richmond ikapita. Hoja yako imeanguka.

Mlinzi wa Zamu
Richmond walikuwa wanapigana wao kwa wao ndani ya chama. Haikuwa haki kwa wapinzani, yalikuwa makundi.

Nyuki Dume
Sasa unasoma mioyo ya watu.

Mlinzi wa Zamu
Na wewe unamsoma mmoja tu.

Mbishi Halali
Kuhusu utaratibu mheshimiwa Spika!! Wanatazamana badala ya kukitazama kiti!

Sauti ya Nyuma
Mheshimiwa kaa chini, kiti kimeshaona.

KE_Mtaani
Kuhusu Ghana aliyotaja dada, hiyo ndio stori tamu kuliko zote. Uchaguzi wa 2020 ulileta bunge la 137 kwa 137 na mmoja wa kujitegemea. Januari 2021 uspika ukaenda kwa Alban Bagbin wa chama cha upinzani NDC, rais akiwa wa NPP. Wakaishi hivyo miaka minne wakivutana. Oktoba 2024 akatangaza viti vinne viko wazi kwa sababu wenyewe walijiandikisha kugombea kwa tiketi nyingine au kama wagombea binafsi, na hesabu ya nani ana wengi ingegeuka. Mahakama ya Juu Novemba ikasema hapana. Sasa yule aliibana serikali kweli, tena hakuwa wa chama chao. Lakini alikuwa wa haki ama alikuwa wa upinzani? Mimi mpaka leo sijui, na nilifuatilia.

Hata sisi tulikuwa na Spika Marende. 2008 alimshinda Kaparo kura 105 kwa 101, chama kilichompeleka ni ODM, kwa ushindani mkali sana nchi ikiwa inawaka moto. 2009 Rais Kibaki anasema kiongozi wa shughuli za serikali bungeni ni Kalonzo, Raila anasema ni mimi, barua mbili mezani. Watu wakasema huyu ni wa ODM atampa Raila. Akasema leteni jina moja, mpaka hapo mimi mwenyewe nitaongoza kamati ya shughuli za bunge. Kila mtu akapiga makofi. Kadi ilimtoa na ilimwacha.

mtu_wa_kati
Marende alirudi muhula wa pili?

KE_Mtaani
2013 akagombea, wengi wakawa upande wa pili, akaingia Muturi. Usianze.

mtu_wa_kati
Sijasema kitu 🤐

Tipwatipwa
Nyie mnajua kwamba huko Uingereza Spika akichaguliwa wanamburuta mpaka kwenye kiti eti anajifanya hataki? Kwa sababu zamani maspika walikatwa vichwa na wafalme. Wa kwetu wangekatwa vichwa hata foleni ya kugombea isingekuwepo 😂

Mzee wa Kanuni
Walikatwa ndiyo lakini tusitie chumvi, kuna waliokatwa miaka mingi baada ya uspika kwa mambo mengine kabisa. Thomas More alikuwa Spika 1523, kichwa kilikatwa 1535 akiwa ameshapitia na ukansela, kosa lake lilikuwa kumkatalia Mfalme Henry VIII ukuu wa kanisa. Kisa kizuri zaidi ni cha William Lenthall 1642. Mfalme Charles wa Kwanza kaingia bungeni na askari anatafuta wabunge watano, anamuuliza Spika wako wapi, Spika kapiga magoti akamjibu kwamba hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema mahali pale isipokuwa kwa jinsi Bunge litakavyomwelekeza. Anamnyima mfalme jibu huku amepiga magoti. Hapo hakuna habari ya chama wala kadi, suala lilikuwa Spika ni mtumishi wa nani.

binti_sheria
Na hapo ndipo barua ya Januari 2022 inaponiuma mpaka leo. Marehemu Spika Ndugai alipojiuzulu tarehe 6, baada ya yale maneno ya deni la taifa na nchi kupigwa mnada, taarifa yake ilisema ameandika barua kwa nani? Katibu Mkuu wa chama. Watu wakaanza kuulizana kama amejiuzulu kisheria ama bado. Mimi sikujali sana ubishi wa kisheria, nilijali kwamba mtu mwenye uzoefu wote ule, siku ya kuondoka, anwani iliyomjia kichwani ni ile.

Nyuki Dume
Kwa haki ya marehemu, nakala ilienda kwa Katibu wa Bunge.

binti_sheria
Nakala.

Mzee wa Kanuni
Mh.

Dada wa Kona
Jamani mimi nilikuwa spika wa bunge la wanafunzi chuoni, msicheke. Vyama havikuruhusiwa rasmi ila kila mtu alijua nani ni wa nani. Rais wa serikali ya wanafunzi ndiye aliyenipigia kampeni. Ikaja hoja ya kutokuwa na imani na waziri wake wa fedha, usiku simu yangu haikupumzika, hakuna hata mmoja aliyesema nivunje kanuni. Wote walikuwa wanasema "wewe angalia tu kama hoja imefuata taratibu". Na kweli nikaangalia, nikakuta saini moja imerudiwa, nikaitupa hoja. Kanuni ilikuwa upande wangu asilimia mia. Hoja iliyotangulia ya upande wetu nayo ilikuwa na kasoro na sikuiangalia kwa darubini ile. Sasa ninyi mnaosema maadili ya mtu, maadili yanapimwa wapi hapo? Ningeapa mbele yenu kwamba nilitenda haki.

Karani Mstaafu
Mwanangu umesema kweli tupu.

Tipwatipwa
Dada maadili yangekuwa kuangalia zote mbili kwa darubini moja. Bado nipo palepale.

Mlinzi wa Zamu
Swali lingine. Kama shida ni hofu ya chama, kwa nini wasipige kura za siri kwenye mambo mazito? Afrika Kusini 2017 mahakama ya katiba ilisema Spika ana mamlaka ya kuamua kura ya kutokuwa na imani na Rais Zuma iwe ya siri. Baleka Mbete alikuwa Spika na papo hapo mwenyekiti wa taifa wa ANC, kila mtu akasema hawezi, akaamua iwe ya siri! Zuma akapona kwa 198 dhidi ya 177, lakini wa ANC waliopiga kumtoa walikuwepo.

mtu_wa_kati
Huyo mfano unanivuruga kweli. Kiongozi wa juu wa chama, na akatoa uamuzi ambao chama hakikuupenda.

Sauti ya Nyuma
Au alijua hesabu kabla.

Mlinzi wa Zamu
Hilo ndilo tatizo la huu uzi, kila akitenda haki mnasema alijua hesabu.

KE_Mtaani
Wahindi nao. 2008 Somnath Chatterjee, chama chake kilijitoa kwenye kuunga mkono serikali kikataka aache uspika, akasema uspika siyo wa chama, kikamfukuza uanachama. Akaendelea kukaa kwenye kiti mpaka muda ukaisha 2009. Kwa sheria za @binti_sheria angekuwa nyumbani siku hiyohiyo.

binti_sheria
Siku hiyohiyo. Asante jirani, na sikuukumbuka huo mfano.

Nyuki Dume
Lakini aliamua yeye kukaa. Angeweza kuondoka. Mtu jamani, mtu!

Mbishi Halali
Naona tumerudi kwa Tipwa.

Tipwatipwa
Sikuondoka.

Fundi Redio
Wakuu swali la pembeni kabla sijalala. Mnamjadili Spika tu, lakini kikao kirefu nusu ya muda anakalia Naibu au wenyeviti, na hao ni wabunge kabisa wenye majimbo. Wao nao wanatakiwa kurudisha kadi kwa zile saa mbili?

Mzee wa Kanuni
Swali zuri, na Ghana lilifika mahakamani. Machi 2022 Mahakama ya Juu ilisema naibu spika akiwa anaongoza kikao bado ana kura yake ya mbunge na anahesabika kwenye akidi, wakati Spika mwenyewe hana kura. Bagbin alichukia sana.

mtu_wa_kati
Kwa hiyo mtu mmoja anaongoza mjadala na papo hapo anaupigia kura? Mzee fungua uzi mwingine wa hiyo, hapa tutajaza seva.

Sauti ya Nyuma
Afungue nani, na orodha ya wachangiaji anaishika nani?

Karani Mstaafu
Mimi nimestaafu, msinitazame.